Uliza Fundi: Besi Nyepesi, Bei ya Kawaida, Sauti Isiyofanana na ya Mtu

Mwezi huu karibu maswali yote yamekuwa ya gitaa la besi, na mengi yanazunguka uzito. La dada wa Arua nimelijibu kwa urefu manake humo ndani mna maswali ya watu wengi, mengine nimeyapitia kulingana na yalivyo.

Swali, kutoka Arua

Bwana asifiwe fundi. Mimi napiga besi kwenye kwaya ya kanisa. Besi tuliyo nayo ilinunuliwa kitambo, hakuna anayejua ni ya kampuni gani, niliipeleka kwa mama mmoja wa mihogo sokoni akanipimia ikawa kilo 5 kasoro kidogo. Ibada ni masaa matatu, kesha ni usiku mzima, bega la kushoto linawaka mpaka Jumanne. Alafu mkono wangu ni mdogo, freti ya kwanza, kile chuma cha mwisho kule kichwani mwa shingo, naifikia kwa taabu. Nimeweka akiba milioni moja na laki mbili. Nataka nyepesi, lakini pia sitaki ile sauti ya kila kwaya, nataka mtu akiwa nje ya kanisa asikie tu ajue ni sisi, na tunapiga pamoja na adungu, kinubi chetu cha huku. Wanaume wa kwaya wananiambia besi nyepesi haina besi, ni ya watoto. Ni kweli? Nichukue ipi?

Jibu

Dada yangu, Bwana asifiwe sana. Tuanze na hilo waliokwambia wenzako, manake limewaumiza watu wengi bure. Sio kweli. Besi ya umeme haitoi sauti yake kwenye ubao vile adungu inavyotoa kwenye ngozi na lile sanduku lake. Uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku za pikapu, pikapu inageuza mtikisiko huo kuwa umeme mdogo sana, unapita kwenye kebo mpaka kwa ampu, ile mashine ya kukuza sauti, na ule mngurumo unaousikia kifuani unatoka kwa spika. Ubao una kazi yake, unachangia noti ikae muda gani na ianze kwa ukali gani, lakini kilo zenyewe hazikuongezei besi. Ukitaka mngurumo zaidi ongeza spika, usiongeze ubao.

Na ushahidi upo tena wa miaka mingi. Höfner wa Ujerumani walitoa besi yenye umbo la fidla miaka ya 1950, wakaiita 500/1, ndani iko tupu, juu ni mbao ya spruce nyembamba, nzima ina kilo mbili na nusu hivi. Paul McCartney alinunua ya kwake Hamburg mwaka 1961 kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mfuko wake, na pia kwa sababu yeye anapiga mkono wa kushoto na umbo lile halina upande, ukiligeuza linabaki vilevile. Ile sauti nene ya mviringo unayoisikia kwenye nyimbo nyingi za mwanzo za Beatles ni ya gitaa jepesi kuliko mtoto mchanga. (Iliibiwa mwaka 1972, akarudishiwa baada ya zaidi ya miaka hamsini, habari yake ikatangazwa 2024. Mtu hahangaikii kitu hivyo kama hakina sauti.) Mwingine ni Nathan Daniel wa Marekani, mwenye Danelectro, yeye alichukua fremu ya mbao akaifunika hadibodi, ndiyo hadibodi hiihii tunayopigilia kwenye dari, na pikapu akazifungia ndani ya vikebe vya lipstiki. Alitaka gitaa la mtu wa kipato kidogo. Besi yake ya Longhorn ya 1958 mpaka leo watu wanaitafuta kwa ile sauti yake ya wazi yenye mlio kidogo ndani, ambayo ukitumia mbao ya gharama huipati. Kwahiyo bei ndogo na uzito mdogo havijawahi kuwa adui wa sauti yenye sura yake.

Sasa uzito unatoka wapi. Besi nyingi za kawaida ziko kati ya kilo 3.6 na 4.5, zile za miaka ya 1970 za mbao ya ash nzito nyingine zinapita 5, hiyo yenu nahisi imeiga ukoo huo. Mimi naita nyepesi kitu chochote chini ya kilo 3.5, na kwa bega lako ningetaka tuwe chini ya 3.2. Kinacholeta uzito ni mbao ya mwili na unene wake, alafu briji, pale nyuzi zinapokalia mwilini, kama ni lile pande kubwa la chuma, alafu funguo nne za kukazia nyuzi pale kichwani ambazo watu wanazisahau kabisa. Ukisoma tangazo angalia mbao: paulownia ndiyo nyepesi kuliko zote, basswood na poplar nazo ni nzuri, agathis na okoume hutegemea kipande. Usiamini jina la mbao peke yake lakini, miti miwili ya aina moja inaweza kupishana nusu kilo, ndio maana nasema kila siku mwombe muuzaji aipime. Ule mzani mdogo wa kuning'iniza mizigo ya safari unatosha.

Lakini kwako wewe uzito ni nusu ya habari, nusu nyingine ni skeli, yaani urefu wa uzi kutoka nati pale kichwani mpaka briji. Tangu Leo Fender wa Marekani atoe besi yake ya Precision mwaka 1951 besi nyingi duniani zina inchi 34, sentimita 86 na kidogo. Kuna ukoo mwingine wa inchi 30, sentimita 76, Fender mwenyewe aliuingiza kwa Mustang mwaka 1966. Hesabu iko hivi: kwenye inchi 34 kutoka nati hadi freti ya 4 mkono unatembea karibu sentimita 17.8, kwenye inchi 30 ni 15.7. Sentimita mbili zinasikika ndogo ukizisoma, ila wewe ziweke kati ya kidole cha kwanza na kidole kidogo, uziache hapo usiku mzima wa kesha, utaona tofauti yake. Shingo fupi pia inakuja karibu na mwili wako kwahiyo mkono haunyooki wote, bega linapumzika hata kama kilo ni zilezile.

Na hapa ndipo sauti inapoingia. Uzi uleule ukiufupisha kutoka 34 hadi 30 na bado unataka noti ileile, mvutano wake unashuka zaidi ya sehemu ya tano. Unakuwa laini chini ya kidole, na sauti inakuwa nene na ya duara, ile milio mikali ya juu inapungua. Wengine wanaiona kasoro. Mimi kwa kwaya naipenda sana, manake sauti za watu na kinanda vimeshajaza huko juu, nafasi iliyobaki ni chini, na besi ya skeli fupi inakaa palepale bila kugombana na mtu. Makwaya mengi yana zile besi za nyuzi tano zenye betri na sauti ya kung'aa, ukiingia na besi fupi nene utajulikana kabla hujamaliza mstari wa kwanza.

Majina sasa. Kwa pesa yako, ambayo ni dola mia tatu na kitu, kuna tatu ningezitazama. Squier Bronco, inchi 30, pikapu moja, nobu mbili basi, kule Marekani inazunguka dola 200. Ni gitaa la wazi sana, halina pa kujificha, na mafundi wanaipenda kwa sababu ukibadilisha pikapu baadaye unapata chombo kingine kabisa. Ibanez Mikro, ile GSRM20, inchi 28.6, bei karibu na hiyo, uzito karibu kilo 3, ina pikapu mbili kwahiyo sauti ni nyingi zaidi, ila uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye urefu ule unalegea kidogo na ukiupiga kwa nguvu unaguguna. Alafu Gretsch Junior Jet, G2220, inchi 30.3, hii kule kwao inafika 300 na zaidi kwahiyo mpya itakusumbua, lakini iliyotumika ukiikuta usiipite, ina pikapu mbili ndogo za hambaka, yaani za koili mbili zinazofuta mvumo wa umeme, haivumi, na sauti yake ina giza zuri. Fidla ya Höfner ya bei ndogo, Ignition, naitaja kwa sababu najua utaniuliza: ni nyepesi kuliko zote hizi na sauti ni ile niliyosema, lakini iko tupu ndani, ukisimama mbele ya spika kubwa za kanisa inaanza kulia yenyewe. Ukumbi mdogo sawa, mkutano wa injili uwanjani hapana.

Mimi ningekuwa wewe ningechukua Bronco na ile pesa inayobaki ningeiweka kwa nyuzi. Hapa naomba unisikilize vizuri manake ndipo sauti yako ilipo. Nyuzi zinazokuja na gitaa ni raundiwaundi, zina mikwaruzo ukizipapasa, zinalia kwa ukali. Tafuta flatwaundi, zile laini zilizozungushiwa utepe bapa, na hakikisha paketi imeandikwa ni za skeli fupi, ukiweka ndefu ukazikata sehemu nene itapita juu ya funguo na uzi utafumuka. Ni ghali, zinaweza kufika robo ya bei ya gitaa, lakini zinakaa miaka na zinazidi kuwa tamu zikizeeka. James Jamerson, yule aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alikuwa na Precision ya 1962 yenye flatwaundi nzito ambazo hakupenda kuzibadilisha, na alikuwa anapiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Kidole kimoja! Watu wamenunua magitaa ya mamilioni wakitafuta sauti ile, kumbe ilikuwa kwenye nyuzi zilizochoka na nyama ya kidole.

Kitu kingine cha bure kabisa: chukua sponji ya godoro, kata kipande cha upana wa nyuzi zote nne na unene wa kidole, kisukume chini ya nyuzi palepale karibu na briji, kiguse tu kisikandamize. Noti itaanza na mdundo alafu itakufa mapema. Fender wenyewe walikuwa wanaweka sponji hiyo chini ya kifuniko cha briji zamani. Ukiisukuma mbele noti inakuwa fupi zaidi, ukiirudisha nyuma inapumua, utakaa nayo jioni moja utapata mahali pako.

Kwa upande wa adungu hiyo sponji ndiyo itakuokoa. Adungu kubwa, ile mnayoiweka chini na kukaa nyuma yake, noti yake inaanza kwa nguvu na inakwisha haraka, nyuzi ni za nailoni. Besi ya umeme yenye noti ndefu inaifunika, wewe hujui na yeye mwenye adungu anabaki anapiga hewa. Noti ikiwa fupi mnaachiana nafasi. Zaidi ya hapo kaeni chini na mpiga adungu kubwa mkubaliane nani anashika noti ya mzizi kwenye kiitikio, mwingine apande juu oktava moja. Mkishika wote wawili palepale chini watu watasikia mngurumo tu, hawatasikia wimbo.

Kuhusu kuagiza. Kampala madukani zile za inchi 34 zimejaa, fupi ni za kutafuta. Ukiagiza kwa ndege ujue kampuni nyingi hazitozi kilo za gitaa, zinatoza nafasi ya boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la sentimita 125 kwa 40 kwa 15 linahesabiwa kilo 15 hata kama ndani mna gitaa la kilo 3. Boksi la besi fupi linapungua, uliza vipimo kabla hujalipa. Alafu kuna VAT ya asilimia 18 na ushuru wa forodha juu yake, kwahiyo gitaa la dola 200 usilipigie hesabu ya dola 200. Kama kuna mtu wa kanisa anasafiri kurudi nyumbani, mwombe, shingo za hizi za Squier zimefungwa kwa skrubu nne, zikilegezwa gitaa linaingia kwenye sanduku la kawaida na fundi yeyote wa magitaa analifunga tena.

Swali, kutoka Bombo

Salaam aleikum fundi. Mimi nimeshanunua nyepesi, kilo 2.9, nafurahi, lakini nikiachia mkono wa kushoto kichwa kinaanguka chini. Kwenye harusi nashika shingo muda wote kama nabeba mtu mlevi. Mjomba ananiambia nigongomelee risasi nyuma ya mwili. Nifanyeje?

Jibu

Waaleikum salaam kijana wangu. Mwambie mjomba asante lakini risasi hapana, utakuwa umelipia wepesi alafu unaurudisha mwenyewe. Tatizo lako ni mwili kuwa mwepesi wakati shingo na funguo zimebaki na uzito wa gitaa kubwa, na mara nyingi kitufe cha mkanda cha juu hakifiki usawa wa freti ya 12, hapo lazima kichwa kishuke. Anza na mkanda: mpana, sentimita 8 hivi, upande wa ndani uwe ngozi ya manyoya au suede inayong'ang'ania shati. Mkanda wa nailoni unateleza, ndio unaokuumiza. Kwa wengi tatizo linaisha hapo. Ikibaki, hamisha kile kitufe cha nyuma kikae juu kidogo badala ya katikati ya kitako. Ikibaki tena ndio tunagusa funguo, kuna nyepesi kama za Hipshot Ultralite ambazo zinatoa gramu nyingi pale kichwani na kila gramu ya kule mwisho ina nguvu kuliko ya mwilini kwa sababu iko mbali na mkanda. Zina bei, kwahiyo ziwe za mwisho.

Umeniuliza pia chini ya barua juu ya zile zisizo na kichwa kabisa. Ned Steinberger ndiye aliyezileta miaka ya mwisho ya 1970, mwili mdogo wa kaboni na resini, funguo zote zikahamia kwa briji. Hazianguki, ni fupi, unaingia nayo kwenye taksi bila kumgonga mtu. Siku hizi zipo za bei ndogo za mbao. Angalia kitu kimoja tu kabla ya kununua, uzi wake unafungwaje kule juu: zinazotaka uzi wenye kishikio pande mbili zitakutesa, nyuzi hizo hapa kwetu utaziota, chukua inayobana uzi wa kawaida kwa skrubu.

Swali, kutoka Gulu

Fundi, bendi yetu inapiga harusi na mikutano, umeme ni wa jenereta. Nataka kununua besi nyepesi ya kupigia Lingala, inayokata sauti pale kwa seben. Nichukue ya betri au isiyo na betri? Hii niliyoazima inavuma vibaya.

Jibu

Ndugu yangu, kwako skeli fupi sikushauri. Mimi nimesikia rumba ya Kongo tangu utotoni na Afrigo Band, ambao wapo tangu 1975, wametufundisha hapa nyumbani kwamba besi ya kuchezesha watu lazima kila noti ianze wazi na ikatike wazi. Ukifika kwenye seben, ile sehemu ya magitaa na kucheza, besi haisindikizi tena, inaongea na gitaa la solo, na kwa maongezi hayo unahitaji mvutano wa inchi 34 na pikapu iliyo karibu na briji. Tazama Ibanez za ukoo wa SR, wameziunda tangu 1987 kwa ajili hii hii, mwili mwembamba umechongwa pande zote, shingo nyembamba, nyingi ziko chini ya kilo 3.6. Yamaha TRBX nayo ni ya kutegemea na hapa Uganda mafundi wanaijua.

Kuvuma ni hivi. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na hiyo hezi 50 iko karibu kabisa na noti ya G pale freti ya 3 kwenye uzi wa E, ambayo ni 49. Kwahiyo ule mvumo hauji tu kama kelele, unakuharibia tyuni, waimbaji wanaukamata kama noti. Pikapu ya koili moja inaukusanya wote. Hambaka haiukusanyi, na pikapu ya Precision iliyogawanywa vipande viwili tangu 1957 nayo haiukusanyi. Kwa aina ya Jazz Bass, yenye pikapu mbili za koili moja, fungua nobu za pikapu zote mbili sawasawa, mvumo unakufa, ukipunguza moja unarudi. Kama ukifunga nobu zote za gitaa bado inavuma, hapo usilaumu gitaa, huenda waya wa ardhi wa jenereta haujafungwa, na hilo ni la hatari, lishughulikieni kabla mtu hajashika maikrofoni na nyuzi kwa wakati mmoja.

Betri: ya betri inakupa nobu za kupandisha besi na trebo palepale gitaani, tamu kwa jukwaa la spika za kukodi. Lakini betri ya volti 9 inaliwa muda wote kebo ikiwa imechomekwa, hata kama hupigi, na nyingi ikiisha zinanyamaza kabisa katikati ya wimbo. Chomoa kebo kila mkipumzika. Tafuta yenye swichi ya kuruka betri, na betri ya akiba iwe mfukoni, isiwe garini.

Swali, kutoka Mukono

Mimi ni seremala. Nina shingo nzuri na pikapu kutoka kwa besi iliyovunjika, nataka kuchonga mwili mwenyewe. Mvule inafaa? Na niichonge unene gani?

Jibu

Hili nimelifurahia sana. Mvule iache kwa milango, ni nzuri lakini mwili utakuwa mzito. Sisi tuna musizi, hiyohiyo mnayotengenezea masanduku na plaiwudi, uzito wake haupishani sana na basswood wanayotumia viwandani. Iwe imekauka kweli, sio ya wiki mbili chini ya mabati, mbao mbichi itazunguka na shingo itapoteza mstari. Iko laini kwahiyo skrubu za shingo ziwekee bamba la chuma kwa nyuma, na mashimo ya skrubu za briji yapake gundi nyembamba ya supaglu ikauke kabla hujafunga. Na ipake dawa, mchwa na fukusi wanaipenda.

Unene: kiwanda kinafanya sentimita 4 hadi 4.5. Wewe unaweza kushuka 3.8 kama mfuko wa pikapu haupiti katikati. Kata pale mkono wa kulia unapolala na pale tumbo linapogusa, hapo unatoa uzito na raha inaongezeka. Ila kabla ya kukata chochote pima mara tatu kutoka nati hadi freti ya 12, kizidishe mara mbili, hapo ndipo uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, unatakiwa uguse briji, na zile nyingine zinarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea E. Ukikosea kwa nusu sentimita gitaa halitakuwa na tyuni maisha yake yote, na mbao yako nzuri itakuwa pambo.

Nipigie picha ukimaliza, nataka kuiona.

Swali, kutoka Kasese

Kiongozi wa sifa anataka noti za chini sana. Je besi nyepesi ya nyuzi tano ipo ya bei ndogo?

Jibu

Ipo, lakini uzi wa tano, B, ni hezi 31 hivi, na spika nyingi za makanisa yetu zinaanza kuchoka kabla ya kufika huko, utabeba uzito wa uzi ambao watu hawausikii. Kwa skeli fupi ndio usijaribu, unakuwa kamba. Chukua ya nyuzi nne, ukihitaji chini zaidi shusha E mpaka D kwa nyimbo hizo, inatosha sana.

Swali, kutoka Jinja

Nimepata besi iliyotumika, fupi, nyepesi, bei nzuri mno. Nikague nini nisije nikauziwa matatizo?

Jibu

Mama, nenda mchana, na uende na kebo yako. Kwanza ivae umesimama dakika kumi huku mnaongea na muuzaji, usiseme chochote kuhusu bei, bega litakwambia. Alafu lala jicho kwenye kichwa utazame shingo mpaka mwilini, iwe na mkunjo mdogo sana wa mbele. Bana uzi wa E freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, pale katikati iwepo nafasi ya kadi ya biashara kupita. Ikiwa kubwa zaidi, uliza kama trasirodi, ule mchuma wa ndani ya shingo, unazunguka, na uombe akuonyeshe kwa ufunguo wake palepale. Ukikwama, rudisha gitaa ukutani, hata kwa bei ya bure.

Piga kila freti kwenye uzi wa G, taratibu, na usikilize hasa ya 5 hadi ya 7. Hapo kwenye magitaa mengi kuna noti inayokufa haraka kuliko jirani zake, na kwa yale mepesi wakati mwingine inasikika zaidi. Kidogo ni kawaida. Ikiwa inazimika kabisa kabla hujahesabu mbili, fikiria wimbo gani mnapiga kila Jumapili na noti hiyo inakuja mara ngapi. Zungusha nobu zote, zikikwaruza ni vumbi, dawa ya kusafishia inatosha. Jeki ikikata sauti ukitikisa kebo, hiyo ni risasi ya kulehemu kidogo tu, tumia hilo kupunguza bei.